Karai Lililoota Manyoya

Kuna watu ukiwaazima sindano wanakurudishia tundu. Royce Pelkey hata tundu hubaki nalo.

Alikuwa jirani yetu wa chini ya kilima. Sisi tuko juu, yeye yuko bondeni, na katikati kuna barabara ya changarawe ambayo vifaa vya Mjomba Merritt viliijua kwa kuteremka tu. Msumeno wa injini uliteremka na meno yake yote. Ulipopanda tena ungeweza kumpa mtoto mchanga autafune. Toroli lilirudi na saruji imekaukia ndani, nene kama godoro. Ngazi ilirudi, tena mapema, ila vipandio vya katikati vilibaki huko huko. Mke wa Mjomba, Anti Lorna, alipouliza viko wapi, Royce akamjibu, "Mama, una miguu mirefu, unaruka tu."

Na Mjomba? Mjomba alisema ahsante. Naapa. Mtu anakuletea maiti ya ngazi yako, nawe unamshukuru kwa kuileta.

Ndivyo tulivyo huku milimani Vermont. Kuna mambo mawili mtu mwenye heshima hafanyi. La kwanza, hamnyimi jirani kifaa. La pili, na hili ndilo linaloniudhi mpaka fizi zinawasha, hamdai. Ukitaka kitu chako unakwenda kwake kama mgeni, unasimama mlangoni umeshika kofia, unazungumza hali ya hewa. Unasema theluji imeanza kulainika. Mwenzako, kama alilelewa, anashtuka: "Ala! Keekee yako hii hapa, tena nimeinoa." Basi, yameisha. Hakuna aliyedai, hakuna aliyedaiwa, mnaagana mkipendana.

Sasa mpelekee desturi hiyo mtu kama Royce, ambaye anapenda kweli kuzungumza hali ya hewa.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nakaa kwa Mjomba, namsaidia kazi na kula kuliko ninavyosaidia. Vuli ile Mjomba aliuza ng'ombe wake wote, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamegoma. Lori likaja, likawapakia, likaondoka. Kesho yake asubuhi nilimkuta amesimama ndani ya zizi tupu, ndoo mkononi, kama mtu aliyesahau amefuata nini. Tangu hapo akahamia dirishani. Kahawa dirishani, gazeti dirishani, usingizi dirishani. Kitu pekee alichobaki nacho cha kufanya kwa mikono yake kilikuwa shira.

Februari inapoishia, mchana theluji inayeyuka na usiku inaganda upya, na utomvu unaanza kutembea ndani ya miti ya shira. Tunaitoboa, tunatundika ndoo, tunakusanya, tunauchemsha kwenye kibanda chetu msituni mpaka maji yaishie hewani ibaki shira yenyewe, rangi ya asali. Ndoo kibao, chupa chache. Na msimu ni mfupi: miti ikishachipua, utomvu unanuka soksi, na ndiyo mpaka mwakani. Majira yote ya baridi Mjomba aliutaja mwezi wa Machi kama watu wanavyoitaja harusi.

"Emmett," Anti Lorna aliniambia siku moja jikoni, kwa sauti ya chini, "huyu mtu asipochemsha mwaka huu, sijui. Atakaa pale dirishani mpaka ageuke pazia."

Na huchemshi bila karai. Sisemi haya makarai ya kubebea zege. Hili ni la bati zito, refu kama kitanda, kuta zake zinakaribia goti, na lilitengenezwa na baba yake Mjomba likalie jiko letu la matofali kama kifuniko na sufuria yake.

Karai lilikuwa kwa Royce.

Alikuja kulichukua Desemba. Aliingia na matope yake mpaka katikati ya sakafu ya Anti Lorna, akavuta kiti bila kukaribishwa, akajimiminia kahawa.

"Merritt, kaka yangu," akasema, "lile karai lako kubwa linafanya nini siku hizi?"

"Limepumzika," akasema Mjomba.

"Basi lije lipumzikie kwangu. Nina nguruwe wa kuchinja, nataka maji ya moto ya kumnyonyolea. Maji tu. Kesho liko kwako."

Mjomba alinitazama mimi, akaitazama dari, akaitazama kalenda ukutani. Nilijua kabisa moyoni mwake kuna neno moja fupi linazunguka likitafuta mlango. Halikuupata.

"Kesho," akasema.

"Kesho kabla hujaamka!"

Karai tulilibeba sisi, mimi na Mjomba na magoti yake mabovu, tukalipandisha kwenye pikapu ya Royce. Yeye alituelekeza akiwa ameshika kiuno. Ana mgongo mbaya sana Royce; huanza kuuma kukiwa na kitu cha kubeba na hupona kwenye meza ya chakula.

Alipoondoka, Anti Lorna alifunga mlango wa jiko kwa kishindo. "Karai la shira. Kwa nguruwe."

"Ni maji tu, Lorna."

"Na huyo nguruwe ndani ya hayo maji ni picha?"

Kesho ikaja. Zikaja na nyingine. Ikaja Krismasi, ukaja mwaka mpya, theluji ikafika madirishani, karai halikupanda. Februari ilipokuwa inaelekea ukingoni Mjomba alianza kuteremka kwa Royce kuzungumza hali ya hewa. Aliteremka, akarudi mikono mitupu. Akateremka tena, akarudi na habari kamili za baridi ya mwaka ambao Royce alizaliwa. Safari iliyofuata nikasema naenda naye.

Tulimkuta Royce jikoni kwake amepandisha viatu mezani, anakula nyama baridi kwa kisu cha mfukoni. Harufu ya jikoni humo sitaieleza. Wengine mnasoma huku mnakula. Mjomba alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama mchumba.

"Upepo umegeukia kusini," akasema Mjomba.

"Umegeuka, eh," akasema Royce, akitafuna.

"Watu wa kijijini wameanza kutoboa miti."

"Wana haraka, wale."

"Siku za joto hazipo mbali. Wiki hii, labda ijayo."

"Afadhali. Kuni zimenichosha." Akachokoa jino kwa ncha ya kisu, akatazama alichokitoa, akakirudisha mdomoni.

Mjomba alikuwa anatokwa jasho. Ndani ya kichwa chake alikuwa ameshapiga kelele za kuamsha wilaya nzima. "Ndiyo hivyo," akasema. "Mtu anaanza kufikiria kuchemsha."

"Hapo umesema kweli, Merritt. Mimi shira yako naisubiri kwa hamu. Usinisahau chupa yangu."

Nikashindwa. "Bwana Royce, lile kar..."

Kiatu cha Mjomba kikatua juu ya vidole vyangu, na uzito wake wote ukafuata.

"Kijana anasemaje?" akauliza Royce.

"Anasema kwaheri," akasema Mjomba.

Ndani ya pikapu nilivua kiatu kuhesabu vidole. "Ameelewa," Mjomba akaniambia, akitazama mbele. "Nimemwona usoni, ameelewa."

"Mjomba, yule hata ukimpiga kichwani na karai lenyewe atauliza kama ni mvua ya mawe."

Akatia gia. Alitoboa miti hivyo hivyo, kwa imani. Tulizunguka msituni na viatu vya theluji, yeye akitoboa kwa keekee, mimi nikigonga mirija na kutundika ndoo, na nilimwona akinyooka, akipiga mluzi, akiisemesha miti kama alivyokuwa akiwasemesha ng'ombe: "Sogea, bibi. Tulia." Magoti hayakutajwa siku nzima. Na joto likaja kweli. Tuliamka mapaa yanadondoka, na ukisimama msituni ulisikia ndoo zote zinaitikia: ti, ti, ti.

Mjomba aliingia kibandani, akapanga kuni, akasimama mbele ya jiko la matofali lililokuwa wazi kama kinywa cha mzee asiye na meno. Kisha nikamwona anageuka kuitazama njia ya kurudi nyumbani, kule dirishani.

Nikachukua funguo za pikapu.

Royce nilimkuta uani, ameketi juu ya kigoda anajikuna tumbo juani. Sikugusia jua wala upepo. Nikasema, "Nimefuata karai."

"Lo! Salamu kwanza, kijana. Siku hizi shuleni hawafundishi adabu?"

"Walifundisha siku niliyougua. Liko wapi?"

"Nyuma ya banda. Nilikuwa nataka nilisafishe kwanza," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka asifiwe kwa nia.

Njia ya kwenda nyuma ya banda ilipita katikati ya makaburi. Niliijua kila maiti. Ngazi ndefu ya kanisa ilikuwa imelazwa juu ya matope, kuku wanaipanda. Jeki ya mzee wa posta ilikuwa imeota kutu mpaka imegeuka rangi ya mbweha. Mashine ya kukatia nyasi ya Bi. Eudora Stannard, mjane wa barabara ya juu, ilikuwa imegeuzwa miguu juu, tairi moja hakuna. Kijiji kizima kilikuwa pale, kinaoza kwa heshima, na wenyewe wako majumbani wanazungumza hali ya hewa.

Karai lilikuwa mwisho kabisa, chini ya mchirizi wa paa.

Yale maji ya nguruwe hakuwahi kuyamwaga. Alimtoa nguruwe wake, akaondoka, maji yakaganda tangu Desemba. Sasa barafu ilikuwa imeanza kuachia, juu kuna mafuta meupe yaliyoshikana kama nta, na katika mafuta yale yamesimama manyoya, mengi, magumu, yameelekea huku na huku kama ndevu za mlevi. Juu ya manyoya alikuwa amemwaga oili chafu ya trekta, maana karai lipo wazi, kwa nini apoteze nafasi? Na juu ya oili, vipande vya sigara. Pembeni kulikuwa na ukwato mmoja. Mbwa wake alikuja akanusa, akanitazama, akaondoka zake. Mbwa! Kiumbe ambaye hujilamba mnakojua!

Nikaziba pua kwa mkono wa koti.

"Si baya sana," Royce akasema nyuma yangu. Alikuwa amenifuata ili asimame. "Maji moto na sabuni, linang'aa."

"Bwana Royce, unaona kuna ukwato humu?"

"Ala! Nilikuwa nautafuta."

Nilipindua karai peke yangu. Mgongo wa Royce, kama kawaida. Tope lile lilipotoka na barafu yake ndipo nikaona jambo baya kuliko manyoya. Barafu ilivyotanuka ndani ilikuwa imepasua maungio ya pembeni. Mwanga wa jua ulipenya kwenye kona. Yaani huyu mtu hakulivunja hata kwa kazi. Alilivunja kwa kulisahau.

Nyumbani Mjomba alilizunguka, akaingiza kidole gumba kwenye ufa, kikatokea upande wa pili. Anti Lorna alikuja na magadi, siki, majivu, na maji ya moto ndoo baada ya ndoo, akalisugua huku anamwapiza Royce, ukoo wa Royce, na nguruwe. Mimi nilitoa manyoya kwenye maungio kwa koleo la msumari, moja moja, na kila nililong'oa lilikuwa na mwenzake nyuma. Mjomba akalehemu ufa. Kesho yake mchana akasema, "Tujaribu."

Akamimina utomvu, akawasha moto. Mwanzoni tuliona mvuke tukacheka. Kisha povu likapanda, na halikuwa jeupe. Lilikuwa la kijivu, lina duara za rangi rangi kama dimbwi la gereji. Harufu iliyotoka, mnisamehe, ilikuwa ya nguruwe anayeendesha trekta. Mjomba alichota kijiko, akapuliza, akaonja. Uso wake haukubadilika. Alitoka nje, akatema kwenye theluji, akachukua theluji safi akaila, akatema tena.

Aliporudi maungio yaliachia. Utomvu ukamwagikia motoni, moto ukalia, ukafa.

"Yaishe," akasema Mjomba. Akavua glavu, akaziweka juu ya kuni, akaenda nyumbani. Nilijua anakwenda kukaa wapi.

Karai jipya hulipati dukani kama mkate. Linatengenezwa kwa oda kufuata kipimo cha jiko lako, na mafundi wa huku huwa wamejaa oda tangu kabla ya Krismasi. Mjomba alijua hivyo, mimi nilijua, Anti Lorna alijua, na miti haikujua. Nilizunguka msituni nikakuta ndoo zimejaa mpaka shingoni, utomvu unafurika, unateremka kwenye magome, unachimba vishimo kwenye theluji. Ti, ti, ti. Zile siku nzuri za msimu zilikuwa zinamwagika chini mbele ya macho yangu, na mwenye kosa yuko bondeni anaota jua.

Jumanne ikawa siku ya mkutano. Kwetu, Jumanne ya kwanza ya Machi kijiji kizima hujaa ukumbini kupigia kura barabara, magari ya theluji na mbwa wanaozurura, kisha watu hula maharage ya kuoka. Mjomba alisema haendi. Anti Lorna alimletea koti, akalishika wazi nyuma yake, akasimama hivyo hivyo mpaka mikono yake ikachoka. Mjomba akalivaa.

Barabara zikapita, mbwa wakapita. Mwenyekiti akafika kwenye mengineyo, akauliza kama kuna mwenye neno, tayari ameshika kofia, maana huwa hakuna. Nikasikia kiti kinakwaruza pembeni yangu.

"Royce," akasema Mjomba. Alikuwa amesimama. "Nataka karai langu."

Vichwa vyote vikageuka. Katika ukumbi ule watu wamewahi kutukanana kuhusu kalvati mpaka wakavuana miwani, hakuna aliyeshtuka. Lakini hili! Mtu amedai kitu chake, hadharani, kwa jina. Mama mmoja mbele yangu aliziba masikio ya binti yake.

"Si kijana wako alilichukua?" akasema Royce kutoka kule nyuma.

"Alichukua ulichokibakisha. Mimi nataka karai. Utomvu wangu unamwagika."

Royce alisimama, akatabasamu kwa ukumbi mzima, hakumtazama Mjomba. "Jamani, anachonunia ni mafuta ya nguruwe. Ninyi nyote humu, povu likipanda si mnatia kipande cha mafuta ya nguruwe litulie? Basi mimi nimemtilia mapema!"

Wakacheka.

Ni kweli, povu likitaka kumwagika tunadondosha kipande cha mafuta. Kinalingana na ukucha. Hatutii nguruwe mzima na kiatu chake. Na kila mmoja humo ndani alilijua hilo, na bado wakacheka. Niliwatazama waliocheka, meno yao nje. Mzee wa posta, jeki yako ina kutu. Mchungaji, kuku wanaharia ngazi yako. Walicheka kwa kufurahi kwamba leo aibu ni ya Merritt. Nilikuwa nimepindua lile karai kwa mikono yangu, lakini kichefuchefu cha ukumbini kilikuwa kikubwa zaidi.

"Tuliandike?" akauliza mwenyekiti, kwa unyonge.

"Twendeni tukale," mtu akasema, na wakaenda.

Kwenye foleni ya maharage walikuja kwake mmoja mmoja, wakiangalia pembeni. "Umesema vizuri, Merritt." "Ilibidi mtu aseme." Wananong'ona kama wanauza bangi. Mjomba aliwaitikia kwa kichwa. Uso wake ulikuwa umeshaanza kurudi dirishani.

Aliyekuwa anagawa maharage ni Bi. Eudora Stannard, yule mjane wa mashine ya nyasi. Hakuwa amecheka. Alishika upawa hewani, akamtazama Mjomba, hakumpakulia.

"Karai la marehemu mume wangu Clayton liko juu ya dari ya ghala," akasema. "Linakaa tu."

Foleni nyuma yetu ikakwama. Mjomba akaitazama sahani yake tupu. Na hapo ndipo nilipoona ugonjwa wenyewe ulivyo mkubwa, maana mtu huyu alikuwa tayari kufa lakini si kuomba.

"Jua limekuwa kali wiki hii," akasema Mjomba.

"Nyumba yangu ina madirisha, jua naliona. Unataka nini?"

"Na usiku bado kunaganda, kwa hiyo..."

"Merritt, maharage yanapoa. Sema kwa mdomo."

"Naomba..." Masikio yake yalikuwa mekundu kama taa za nyuma za gari. "Naomba uniazime karai, Eudora."

"Haya. Ilikuuma?" Akampakulia. "Na ukilirudisha na doa nitakuzika ndani yake."

Tulilichukua siku ile ile. Lilikuwa fupi kuliko jiko letu, kwa hiyo tuliziba pengo kwa matofali na udongo. Ndoo zilizokuwa zimekaa sana tulizimwaga, tukaanza upya na utomvu wa siku hiyo. Zilikuwa zimebaki siku chache nzuri; matumba ya miti yalishaanza kuvimba. Lakini mchana uliofuata mvuke mweupe ulitoka kwenye paa la kibanda, mnene, mtamu, na Mjomba alikuwa katikati yake, fulana imemganda, anakimbia na upawa kama kijana.

Tatizo ni kwamba hakuondoka tena. Chakula nilimletea pale pale. Alilikodolea macho lile karai kana kwamba ameachiwa mtoto wa watu. Nikiweka kikombe karibu na ukingo wake alinifukuza. Alipima kina cha utomvu, akapima tena, kwa sababu ukikauka dakika tu bati linaungua, na hakutaka Bi. Eudora akute hata alama ya moshi. Anti Lorna alimwambia, "Merritt, ungelipenda lako hivi usingelitoa," naye akapima kina upya.

Mvuke ukionekana juu ya paa, watu huja. Hiyo nayo ni desturi: aliyefuata mvuke hafukuzwi, anapewa kikombe cha shira ya moto aonje. Akaja Bi. Eudora, akazunguka karai lake, akaguna kidogo kwa kuridhika. Wakaja hata wale waliocheka, wakanywa macho chini. Na siku ya mwisho ya kuchemsha, mlango ukafunguliwa kwa kiatu, akaingia Royce Pelkey.

"Nimeona mvuke," akasema, "nikajua Merritt amenisamehe."

Anti Lorna alishika ufagio, bila ya kufagia. Mjomba alichota shira, akaimimina kwenye kikombe cha bati, akampa. Desturi ni desturi. Royce alikunywa kwa kelele, matone yakimtembea kwenye kidevu, akarudisha moja kwa ulimi. Macho yake yakaanza kuzunguka kibandani kama mtu aliye dukani.

"Karai zuri hili. La Clayton, siyo? Mkishamaliza nalo, mimi nina kondoo wa..."

"Hapana," akasema Mjomba.

Lile neno fupi! Lilitoka dogo, kavu, kama kokwa. Royce alicheka akisubiri wengine wacheke. Humo ndani hapakuwa na ukumbi wa kumsaidia.

"Haya, haya. Mmekuwa wakali siku hizi." Akageukia mlango. Akawa anazungumza huku anaondoka, kwamba upepo umebadilika, kwamba tope la mwaka huu litameza magari, na kikombe chetu kilikuwa bado kinaning'inia kwenye kidole chake, kinakwenda naye. Sidhani hata alijua. Huo ndio uchafu wake hasa: mkono wake hauhitaji hata kumwuliza.

"Royce."

"Eh?"

"Kikombe."

Mjomba alikuwa amenyoosha mkono. Kiganja wazi, cheusi kwa masizi. Royce alinitazama mimi, akamtazama Anti Lorna na ufagio wake, akatazama nje kwenye hali ya hewa. Mkono ukabaki pale pale. Utomvu ulikuwa unachemka nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu tulete lile karai Mjomba alikuwa amelipa kisogo.

Royce akarudi hatua zote. Akalamba ukingo wa kikombe kuuzunguka, taratibu, kisha akakiweka mkononi mwa Mjomba.

Mjomba alikichungulia ndani. Akakishika kwa ncha za vidole, mbali na mwili wake, akanikabidhi.

"Kachemshe hiki," akasema, akalirudia karai.